Duka la kuprinti picha pale Luthuli: wanapima picha kwanza, pesa baadaye

Nilitaka picha ya shosho saizi ya A3, ya kuweka kwa fremu, akitimiza miaka 80. Nikaanza na duka moja tao, jina naliacha, nikawatumia picha kwa WhatsApp wakaprinti bila kuuliza chochote na pesa wakachukua. Kufika nyumbani naitoa kwa bahasha, uso wa shosho ni kama umepakwa uji, ile mikunjo ya kando ya macho ambayo ndiyo naipendea hiyo picha yote imeenda, na pembeni ya leso yake kumejaa viboksi vidogo vidogo. Niliumia sana.

Ndio nikaelekezwa hapa Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofa ya pili. Kijana wa kompyuta akafungua ile picha, hata bei hajataja, akanigeuzia skrini. "Dada, hii ni pikseli 1200 kwa 1600, yaani vile vidoti vidogo vinavyounda picha. A3 ina urefu wa sentimita 42, ukizitandaza hapo unapata kama 97 kwa kila inchi, na sisi tunatafuta 300, ikikataa sana angalau 200. Simu iliyopiga iko na nani?" Iko na kakangu Kitengela. Akasema nimwambie aitume tena kama dokumenti, isitumwe kama picha, juu ukituma ile kawaida WhatsApp inaipunguza. Nikangoja kwa stuli, ikaingia, 3000 kwa 4000! Hiyo inatoa karibu 240 kwa inchi, ya kutundika ukutani inatosha vizuri.

Nilimuuliza si angebadilisha tu ile ya kwanza aandike 300. Akanieleza pole pole, na nilishukuru sana, kwamba kuandika namba hakuongezi pikseli, na ukiilazimisha ikuwe kubwa programu inakisia tu zile zinazokosekana na uso ndio unaharibika kwanza.

Halafu kuna kitu sikuwa najua kabisa: picha ya simu ni pana kidogo kuliko A3, kwa hivyo lazima ukate ama ubaki na ukanda mweupe juu na chini. Tukatoa kama pikseli 170 kushoto, hapo kulikuwa tu na mtungi wa maji. Akaprinti kwanza kipande cha macho peke yake, saizi ile ile ya mwisho, tukaona iko giza kuliko kwa skrini, akaongeza mwangaza ndio akatoa yote. Mikunjo yote iko, hadi uzi wa leso unauona.

Bei ilizidi lile duka la kwanza kwa mia mbili na sijutii hata kidogo. Shida ni foleni, Jumamosi nilikaa karibu masaa mawili na karatasi isiyong'aa ilikuwa imeisha. Nendeni asubuhi katikati ya wiki, na mbebe faili yenyewe kwa flashi.