Seborga, "nchi" ya kijiji kimoja: twende au tusiende?

Kwa wasioijua, Seborga ni kijiji cha mlimani Italia, juu ya Bordighera karibu na mpaka wa Ufaransa, watu kama 300 tu na wanajiita nchi. Unapoingia kuna kibanda cha mlinzi kimepakwa bluu na nyeupe, bendera zinapepea, ila hakuna anayekudai viza, kwa sisi tuliozoea foleni za ubalozini hapo tayari nishawapa nyota moja.

Kinachouzwa pale hasa ni stori. Watawa wa kiume wa Lérins, visiwa vya Ufaransa, ndo walikuwa wenye mji karne na karne, miaka ya 1660 wakaanza hadi kugonga sarafu zao, halafu 1729 wakamuuzia Vittorio Amedeo II mfalme wa Sardinia, ufalme uliokuja kuzaa Italia. Basi miaka ya 1960 akatokea mkulima wa maua, Giorgio Carbone, akasema yale mauzo hayakuandikishwa, mkutano wa Vienna 1815 uliopanga upya mipaka ya Ulaya haukuitaja Seborga, Italia ilipoungana 1861 napo haikutajwa, kwa hiyo sisi si Waitalia! Yani ni kesi ya kiwanja kabisa, babu kauza hati haijasajiliwa, wajukuu wamerudi na kamba wanapima mipaka upya. Wanakijiji wakamchagua awe Prince Giorgio I na akakaa na cheo chake mpaka alipofariki 2009. Sa hivi yupo Princess Nina, tangu 2019, na ni wa kuchaguliwa kwa kura, si wa kurithi.

Mi hoja yao sijaikubali, kodi wanalipa Italia, uchaguzi wa Italia wanapiga kura, meya wanaye. Ila biashara wanaijua bana. Sarafu yao inaitwa luigino, thamani wameifunga kwenye dola 6 za Marekani, unaweza kununua kitu nayo hapohapo kijijini ila ukishuka chini haina kazi, kwa hiyo chukua moja ya kumbukumbu inatosha. Stempu na pasipoti za ukumbusho zipo pia, ile pasipoti tafadhali usiipeleke airport utatuaibisha.

Chakula: agiza sungura, aliyepikwa na zeituni ndo mapishi ya upande ule. Nilipokula mimi (jina naliacha) sungura alikuwa mtamu ila huduma ilikuwa imelala, maji tu niliomba mara mbili.

Vichochoro vya mawe ni visafi, view ya bahari mpaka Monaco hali ya hewa ikiwa nzuri, na ukiweza nenda mwisho wa baridi maua ya mimosa yakiwa yamechanua mlima mzima njano. Kijiji chenyewe unakimaliza haraka sana, usipange kulala. Mabasi ya kupanda toka Bordighera ni machache na barabara ina kona za kutapisha, angalia ratiba ya kurudi KABLA hujaagiza huyo sungura. Nyota 4, ya tano imekatwa na kona.