Uzoefu wangu na Test-NetConnection programu ya ofisi inapogoma kufikia seva

Programu ya uhasibu au ya stoo ikiandika kwamba haiwezi kufikia seva, wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu programu yenyewe haina kosa. Mimi huanza na Test-NetConnection, amri iliyomo ndani ya PowerShell (dirisha la kuandikia amri la Windows) tangu Windows 8.1 na Windows Server 2012 R2. Haisakinishwi wala hailipiwi, na kwa kupima poti (mlango wenye namba ambao huduma ya seva husikiliza) ndiyo zana ninayoiamini kuliko zote.

Nitaieleza kwa SQL Server, hifadhidata ya Microsoft ambayo kwa kawaida husikiliza poti 1433, maana programu nyingi za biashara zimeegemea hapo. Kwenye kompyuta ya mtumiaji andika, ukiweka jina la seva yako badala ya seva01:

Test-NetConnection seva01 -Port 1433

Tazama mstari wa TcpTestSucceeded: True ni kwamba poti imefikiwa, False haikufikiwa. Ule wa PingSucceeded usikutishe. Seva nyingi zimezuiwa zisijibu ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama mashine ipo) na bado zinafanya kazi vizuri.

Ukipata False, rudia amri hiyohiyo ukiwa kwenye seva, kwa anwani yake ya mtandao, si localhost (jina ambalo mashine hujiita yenyewe). Seva ikijipata, kizuizi kiko njiani: ukuta wa moto (firewall), ruta au VPN. Isipojipata, huenda huduma haisikilizi poti hiyo kabisa. Kwenye Express, toleo la bure la SQL Server, hili ni la kawaida, kwani TCP/IP huja imezimwa. Iwashe kwenye SQL Server Configuration Manager, kisha uanzishe huduma upya, la sivyo badiliko halishiki.

Udhaifu mkubwa wa zana hii ni kwamba hupima TCP tu, haipimi UDP (njia nyingine ya kutuma data), na hapo ndipo wengi hupotea. Instansi yenye jina (nakala ya SQL Server iliyopewa jina lake kwenye seva), mfano seva01\HESABU, kwa kawaida hupewa poti inayoweza kubadilika huduma inapowaka. Programu huiulizia poti hiyo kwa SQL Server Browser, huduma inayotaja poti za instansi, kupitia UDP 1434. Njia hiyo ikizibwa, au Browser ikiwa imezimwa, unapata kosa namba 26, na Test-NetConnection haina la kukuambia. Ushauri wangu ni kuacha kuitegemea Browser. Kwenye SQL Server Configuration Manager, ingia kwenye sifa za TCP/IP, sehemu ya IPAll, futa kilichoandikwa kwenye TCP Dynamic Ports hata kama ni 0, kisha weka poti ya kudumu kwenye TCP Port, tuseme 14330. Anzisha huduma upya, fungua poti hiyo kwenye ukuta wa moto, na kwenye programu andika seva01,14330. Ni mkato, si nukta mbili! Kosa hilo dogo hula saa nzima za watu.

Kasoro nyingine: False haikuambii sababu. Nami huisoma kwa muda. Jibu likija upesi, na jina la seva limetambulika, kuna aliyekataa, kwa hiyo mara nyingi seva iko hai. Likichelewa sekunde ishirini hivi, pakiti zinamezwa kimya njiani, au anwani si sahihi.

Na True je? Ina maana mlango uko wazi, basi. Kosa 18456 baada ya hapo ni la kuingia, mara nyingi jina au nywila, usiguse mtandao. Malalamiko ya cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva) mara nyingi huanza baada ya kuhamia ODBC Driver 18, kiunganishi cha programu na SQL Server, inayodai usimbaji hata usipouomba. TrustServerCertificate=yes kwenye maelezo ya muunganisho itakuvusha, lakini inaondoa uhakiki wa seva, kwa hiyo weka cheti halali mapema.

Kama mtumiaji wa VPN anaingia vizuri halafu ripoti kubwa inaganda, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. Jaribu ping -f -l 1472 kuelekea seva, mradi ping imeruhusiwa, ukipunguza namba hadi ipite. Namba kubwa kabisa inayopita, ongeza 28: hiyo ndiyo MTU ya kuweka kwenye adapta ya VPN.