Miaka miwili na tldr: inamfaa aliyesahau

Mimi amri ya tar, ile ya kufungasha na kufungua mafaili, haijawahi kunikaa kichwani. Naandika programu mwaka wa saba sasa, na bado kila nikitaka kufungua faili la .tar.gz najiuliza: ni x kwanza au z? Ukiandika man tar, yaani kuita mwongozo rasmi wa amri, unamwagiwa maelezo marefu kama mkataba wa mkopo, na mfano unaoutaka huuoni. Ndiyo maana niliweka tldr, programu inayokuonyesha mifano mifupi ya amri, kwenye laptopu, na hadi leo sijaiondoa.

Ni mradi huria ulioanzishwa na Romain Prieto mwishoni mwa 2013. Watu hujitolea kuandika ukurasa mfupi kwa kila amri: maelezo kidogo juu, kisha mifano isiyozidi minane. Unaandika tldr tar, unaona tar xf na jina la faili, basi. Hiyo z kumbe wala haihitajiki wakati wa kufungua, tar inatambua yenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nahangaika na herufi ya bure!

Kuiweka ni mstari mmoja tu, pipx install tldr. Mimi natumia tealdeer, programu nyingine ya kusomea kurasa hizohizo, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, maana inajibu papo hapo. Ukishapiga tldr --update, kurasa zote zinakaa kwenye diski. Hapo ndipo iliponinasa. Huku kwangu Mwanza umeme ukikatika ruta nayo inazima, na kifurushi cha simu ni cha kubania. Tldr inajibu vilevile.

Sasa nikupe upande wa pili, na kosa lilikuwa langu. Mwaka jana nilikuwa nahamishia picha za duka la mteja kwenye seva mpya. Nikaita tldr rsync (rsync ni amri ya kunakili mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine), nikaokota kwa haraka haraka mfano wenye --delete, inayofuta kule unakopeleka chochote kisichokuwepo unakotoa, nikabadilisha majina:

rsync -a --delete picha/ seva:/var/www/duka/

Tazama mkwaju (/) ulio baada ya neno picha. Ukiwepo, rsync inabeba vilivyomo ndani ya folda, folda yenyewe inaiacha. Kwa hiyo --delete ikalinganisha picha zangu na duka zima, na kila kisichokuwa picha ikakifuta. Bila mkwaju huo ufutaji ungeishia ndani ya folda ya picha tu. Dakika haijaisha, simu ikaita: "Kaka, mbona duka halifunguki?" Nikamjibu kuna marekebisho madogo, huku jasho linanitoka. Bakapu ya usiku ndiyo iliyonisitiri.

Mfano wa mstari mmoja hauna nafasi ya kukueleza hayo yote. Kama amri hujawahi kuitumia, na inafuta kitu, soma man kwanza hata kama inachosha. Na rsync yoyote yenye --delete siku hizi naitanguliza na -nv: inaorodhesha kitakachotokea bila kugusa faili hata moja.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nilichokipenda zaidi nimekigundua juzi juzi: tealdeer inakuruhusu kuongeza maneno yako chini ya ukurasa wowote. Ukiita tldr rsync kwenye mashine yangu, mstari wa mwisho unasema: "Umeuona mkwaju?"