Cheti cha Google cha Uchambuzi wa Data: Mafunzo Mazuri, Kipimo Dhaifu

Google Data Analytics Professional Certificate inapatikana Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, tangu Machi 2021. Kozi zake za msingi ni nane, zinafundishwa kwa Kiingereza, na zinafuata hatua sita: kuuliza, kuandaa, kusafisha, kuchambua, kuwasilisha na kuchukua hatua. Njiani unapita kwenye Excel au Google Sheets, SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ndani ya BigQuery (hifadhidata ya Google ya mtandaoni), Tableau (ya kuchora chati) na R (lugha ya programu ya takwimu). Kompyuta ya kawaida inatosha, kwa kuwa karibu kazi yote hufanyika kwenye kivinjari. Kinacholiwa zaidi ni bando.

Kama mafunzo, tunaipa nne kati ya tano. Maelezo yanakwenda polepole, mifano inaeleweka, na mtu aliyezoea kuandika mauzo kwenye daftari anaweza kuanzia sifuri bila kupotea. Kama kipimo cha ujuzi, tunaipa mbili. Majaribio mengi ni ya kuchagua jibu, alama ya kufaulu ni asilimia 80, na ukianguka unarudia. Mradi wa mwisho, ambao ndio sehemu pekee unayokaa peke yako na data iliyochafuka kweli, ni wa hiari. Matokeo yake, watu wawili wanaweza kushika cheti kilekile, mmoja anaandika JOIN (agizo la SQL la kuunganisha majedwali) akiwa amefumba macho na mwingine hajawahi kuandika hata moja bila kunakili.

Cha ajabu ni kwamba kozi ya pili inafundisha vizuri sana jinsi ya kuuliza swali mahususi, linalopimika na lenye muda. Somo hilo linaelekezwa kwa maswali ya biashara. Mwanafunzi halazimishwi kuligeuzia kwake mwenyewe, naye kwa kawaida hubaki na malengo kama "nataka kuijua SQL" au "nimalize kabla ya Desemba". La kwanza halina mwisho, na la pili linapima kalenda. Kwa hiyo anayelipia kozi hii anunue na daftari, aandike kipimo chake kwa kila kifaa, na ajipime siku ya kwanza kabla ya video yoyote. Bila alama ya mwanzo, alama ya mwisho haina cha kulinganishwa nayo.

Excel na Google Sheets

Hapa kipimo kizuri ni makosa ya kupandwa. Chukua faili la mauzo lenye mistari 500 iliyo safi. Mpe mtu nakala apande makosa 20 na aandike orodha yake pembeni bila kukuonyesha: tarehe tano zilizogeuzwa siku na mwezi, mistari minne iliyojirudia, majina manne yenye nafasi mwishoni, namba tatu za simu zilizopoteza sifuri ya mwanzo, na bei nne zilizoongezwa sifuri. Lengo ni kupata angalau 18 ndani ya dakika 45, bila kuharibu mstari hata mmoja uliokuwa mzima. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu anabonyeza kitufe cha kuondoa marudio, anafurahi, kumbe amefuta wateja wawili tofauti waliolipa shilingi 500 siku moja. Marudio hutambuliwa kwa namba ya muamala. Kiasi na tarehe pekee havitoshi.

Tarehe ndizo zinazoangusha wengi, na kozi inazipita kwa sababu mifano yake ni ya Kimarekani. Google Sheets iliyowekwa eneo la Marekani ikipokea 03/04/2024 inaisoma kuwa Machi 4. Ikipokea 25/04/2024 inashindwa, inaiacha kama maandishi na kuisogeza upande wa kushoto wa kisanduku. Yaani siku 12 za kwanza za kila mwezi zinakosewa kimyakimya, na zilizobaki hazihesabiki kabisa. Weka eneo kuwa Kenya au Uingereza kwenye mipangilio ya faili kabla ya kuingiza data. Ukibadilisha baadaye, zilizokwisha geuzwa hazirudi zenyewe.

Nafasi za mwishoni huondolewa na TRIM, isipokuwa zile zilizonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Hizo mara nyingi ni herufi namba 160, ambayo TRIM ya Excel haiigusi, na inabidi uitoe kwa SUBSTITUTE na CHAR(160). Ukiona LEN, inayohesabu herufi, inaleta 7 kwa "Mwanza" yenye herufi 6, umeshampata mhalifu. Namba za simu nazo zifanye safu ya maandishi kabla ya kubandika, vinginevyo 0712 inakuwa 712 na namba inayoanza na 255 inageuka kuwa 2.55E+11.

SQL: sehemu bora, na yenye mitego mingi

BigQuery ina uwanja wa bure wa mazoezi usiohitaji kadi ya benki. Unapata GB 10 za kuhifadhi na TB 1 ya kusoma kila mwezi, na kwa mwanafunzi hiyo ni nyingi kupita kiasi. Kabla ya kuendesha maagizo, pembeni huandikwa ni kiasi gani cha data kitasomwa, kwa hiyo jizoeze kukitazama. LIMIT 10, yaani kuomba mistari 10 tu, haipunguzi kitu, maana jedwali lote la kawaida husomwa kwanza. Kinachopunguza ni kutaja safu unazozihitaji badala ya kuweka nyota (*), inayomaanisha safu zote.

Mtego wa kwanza: majedwali ya uwanja huo hufutika yenyewe baada ya siku 60. Kwa anayekwenda mwendo wa miezi sita, kazi ya kozi ya tatu itakuwa imeyeyuka akifika mradi wa mwisho. Hifadhi CSV (faili la data la maandishi) ya asili na maagizo yote ya SQL kwenye faili la maandishi. Hicho pia ni kipimo: uweze kulijenga jedwali upya kutoka mwanzo ndani ya dakika 10.

Mtego wa pili uko kwenye zoezi la magari la kozi ya nne, ambalo ni zoezi zuri kweli. Ndani yake kuna idadi ya silinda iliyoandikwa "tow" badala ya "two", uwiano wa mgandamizo wa 70 ilhali zingine hazizidi 23, na "4wd" yenye nafasi ya ziada mwishoni. Maelekezo yanakutaka urekebishe kwa UPDATE (agizo la kubadilisha data ndani ya jedwali lilelile), na uwanja wa bure unaikataa ukidai akaunti ya malipo. Wengi huishia hapo na kudhani wamekosea. Njia ya kupita ni kutengeneza jedwali jipya lenye jina lingine: CREATE OR REPLACE TABLE, kisha SELECT yenye CASE WHEN inayobadilisha "tow" kuwa "two", na TRIM kwenye safu ya magurudumu. Ni njia bora pia, kwa sababu jedwali la asili hubaki kama lilivyokuwa na kila marekebisho yameandikwa.

Baada ya hapo achana na magari, leta data ya nyumbani. Sensa inafaa sana kwa sababu jumla yake inajulikana, na jumla inayojulikana haibembelezi mtu. Kenya, sensa ya 2019: watu 47,564,296 katika kaunti 47. Tanzania, 2022: watu 61,741,120, ambapo Bara ni 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Lengo likae hivi: *ndani ya wiki nne tangu kuanza kozi ya tatu, niunganishe jedwali la idadi ya watu na jedwali lingine la kaunti kwa LEFT JOIN (inayobakiza mistari yote ya jedwali la kwanza), ibaki mistari 47, jumla iwe 47,564,296, pasiwe na kaunti iliyokosa mwenzake, kwa dakika 30, bila kunakili popote.*

Utakwama kwenye Murang'a. Ukiiandika ndani ya alama moja za kunukuu ('...'), BigQuery inaona neno limeishia "Murang" na kilichobaki haikielewi. Tumia alama mbili za kunukuu nje: "Murang'a". Ukishapita hapo, utagundua jedwali moja lina ritifaa iliyonyooka na jingine lina iliyopinda kutoka Word, na kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Tharaka-Nithi yenye kistari na isiyo na kistari, hivyohivyo. Kwa Tanzania, jaribu wilaya ya Nyang'hwale. Ukitumia INNER JOIN, inayobakiza mistari yenye mwenzake tu, hutapata onyo lolote. Utapata, kwa mfano, mistari 44, na ripoti yenye kaunti tatu zilizopotea. Upande wa pili, jina likijirudia mara mbili kwenye jedwali la kulia, watu wa kaunti hiyo wanahesabiwa mara mbili. Ndiyo maana kuhesabu mistari kabla na baada ya kila JOIN lazima kuwe mazoea, na jumla ndiyo inayothibitisha.

Kwa tarehe zilizoingia kama maandishi, PARSE_DATE yenye '%d/%m/%Y' inafanya kazi, lakini kosa moja linaangusha maagizo yote. SAFE.PARSE_DATE huacha NULL (pengo lisilo na thamani) pale iliposhindwa, nawe unazihesabu na kuziangalia moja moja.

R na Tableau

R inafundishwa harakaharaka. Mifano ya pengwini na almasi ni mizuri kwa kuchora chati, lakini ukimaliza utakuwa umeonja tu. Lengo la haki kwa kozi ya saba ni dogo: kusoma faili, kuchuja, kujumlisha kwa makundi na kutoa chati moja yenye vichwa, kutoka faili ulilolichagua mwenyewe, bila kufungua somo. Tableau Public nayo ni ya bure kwa sharti moja: kazi unayoihifadhi huko inaonekana na dunia nzima. Data za wateja au wagonjwa zisiguse huko. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022.

Kipimo cha chati hakiko kwenye rangi. Mwonyeshe mtu asiye wa fani kwa sekunde 30, ifiche, kisha umuulize imesema nini. Watatu kati ya wanne wakitoa jibu moja, na ndilo ulilokusudia, chati imepita.

Mradi wa mwisho: usiuruke

Wengi huchagua kisa cha Cyclistic, kampuni ya kubuni ya baiskeli za kukodi, ila data ni ya kweli, ya Divvy, huduma ya baiskeli za kukodi ya Chicago. Unatakiwa kulinganisha wanachama na wapanda baiskeli wa mara mojamoja kwa miezi 12. Hapo ndipo kila udhaifu unajitokeza. Mwaka mzima wa karibuni hupita mistari milioni tano na Excel inaishia 1,048,576. Akaunti ya bure ya Posit Cloud (R inayoendeshwa kwenye kivinjari) huzidiwa na kumbukumbu, kwa hiyo sakinisha R kwenye kompyuta yako au fanya kazi nzito BigQuery. Huko nako faili linalopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta halipaswi kuzidi MB 100, na miezi ya kiangazi huzidi. Ligawe mara mbili.

Ukitumia mafaili ya 2020, kuunganisha kutakataa mwezi wa Desemba, kwa sababu namba za vituo zilizokuwa tarakimu tupu zilianza kuchanganywa na herufi. Zigeuze zote kuwa maandishi kabla ya kuunganisha. Majina mengi ya vituo yako wazi, na si uzembe: baiskeli za umeme huweza kufungwa nje ya kituo. Ukifuta mistari hiyo yote umefuta sehemu kubwa ya safari za umeme na ulinganisho wako umepinda.

Halafu kuna safari zenye muda hasi. Panga kwa tarehe utaona baadhi zimerundikana usiku wa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Marekani hurudisha saa nyuma usiku huo, kwa hiyo safari iliyoanza 1:55 usiku kwa saa zao inaweza kuandikwa imeisha 1:05. Kwetu saa hazichezewi, ndiyo maana wengi huliita kosa la mfumo na kusonga mbele. Kuna na safari za siku kadhaa, baiskeli ambazo hazikurudishwa, zinazovuta wastani wa wasio wanachama juu mno. Onyesha wastani na namba ya katikati (median) pamoja.

Kipimo cha mradi ni hesabu moja: mistari iliyoingia iwe sawa na iliyobaki kujumlisha iliyotolewa, na iliyotolewa igawanywe kwa sababu, kila sababu na idadi yake. Mwajiri anayejua kazi atatazama jedwali hilo kabla ya chati.

Bei na nani alipe

Marekani na Kanada ada ni dola 49 kwa mwezi, kwingineko hutofautiana, na siku saba za kwanza ni bure ila kadi hutakiwa. Malipo yanafuata miezi, kwa hiyo saa 10 kwa wiki zilizowekwa kwenye ratiba ni pesa mfukoni. Anayeandika SQL tayari asilipe, achukue data ya Divvy bure na afanye mradi peke yake. Anayeanza alipe, lakini aombe msaada wa ada kwanza. Huombwa kozi kwa kozi na jibu huchukua wiki mbili hivi, basi ombi la kozi ya pili litume siku ileile unayoanza ya kwanza.