Biblia ya Union, herufi kubwa, yenye zipu: nimekaa nayo miezi minane

Niliinunua Mtwara mjini kwa shilingi 40,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 50,000. Jalada ni ngozi bandia nyeusi, kingo za karatasi zina rangi ya dhahabu, kuna utepe mmoja wa kuwekea alama na ramani kule nyuma. Ile ya zamani ilinishinda. Nina miaka 61, na Biblia huisoma zaidi saa nane usiku. Sababu nitaisema.

Herufi sina neno nazo. Nasoma kwa tochi ya simu bila miwani, isipokuwa marejeo ya pembeni ambayo ni kama sisimizi wamepita. Karatasi ndiyo tatizo: nyembamba mno, maandishi ya upande wa pili yanachungulia, na ukimulika kwa karibu unasoma zaburi mbili kwa mpigo. Mimi huweka karatasi nyeupe nyuma ya ukurasa. Halafu ni nzito. Usijaribu kuisomea chali.

Sasa hiyo saa nane. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho, huku wilayani Masasi, misimu minne. Mkulima analeta gunia, napima, naandika. Nilikuwa namega. Nusu kilo huyu, kilo yule. "Mizani inacheza leo," nawaambia, na mtu aliyelala kwenye foleni tangu jana hana nguvu ya kubishana. Tena tulikuwa hodari wa kuwasema wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya chama, kwamba wananyonya watu, muhuri wa chama ukiwa mezani kwangu.

Nilikwenda kuungama kwa padre. Nikasimama mbele ya wanachama nikasema, nikaacha kazi, nikaanza kulipa. Daftari langu lilikuwa na majina 17, 11 nimewamaliza. Padre alinitamkia ondoleo la dhambi, nikarudi nyumbani mwepesi. Usiku mizani ikarudi. Aliyewahi kupita hapo anajua: unaomba msamaha wa jambo lile lile kila siku, kama mtu anayelipa tena deni alilokwisha kulipiwa, kwa kuwa risiti haioni.

Kwa hiyo Biblia hii nimeipima kwa kipimo kimoja tu: usingizi ukikatika, inanifikisha? Itifaki fupi iliyo nyuma, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana, nilipotafuta "mizani", ilinipeleka Mithali 11, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", kisha Danieli 5, "umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka". Ahsanteni sana, hayo nilikuwa nayajua. Neno "hati" halimo kabisa, na hilo ni pengo. Wakolosai 2:14 niliifikia kwa kupapasa: Kristo "akiisha kuifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki", akaiondoa isiwepo tena, "akaigongomea msalabani". Karani anajua tofauti ya kukata na kufuta. Ukikata mstari, kilichokatwa bado kinasomeka, na mkaguzi atakuuliza. Hapa imefutwa, tena imepigiliwa mahali pa wazi. Utepe wangu umekaa hapo tangu mwezi wa tatu.

Kuhusu lugha: Union ni ya 1952, na Kiswahili chake kina mvi. Anayetaka wepesi achukue tafsiri ya Habari Njema, si dhambi. Mimi siiachi kwa sababu ya vitu kama Isaya 1:18, dhambi "zijapokuwa nyekundu kama bendera, zitakuwa kama sufu". Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, bendera ya taifa ina kijani, njano, nyeusi na bluu, nyekundu iko wapi?" Swali zuri. Zamani pwani bendera lilikuwa pia jina la kitambaa chekundu, na bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Walioitengeneza Union kwa kuunganisha tafsiri ya Unguja na ya Mombasa waliandikia watu waliokuwa wakiiona ikipepea. Ile ya Unguja chanzo chake ni Askofu Steere, yule yule aliyewaleta watumwa waliokombolewa hapa Masasi mwaka 1876. Kanisa letu limeanza na watu hao. Nikisoma neno "huru" kwa Kiswahili hiki, kwangu lina uzito wake.

Zipu ilikufa mwezi wa tano. Nilitaka kumlaumu mtengenezaji, ila haki itendeke: nilikuwa nimelisokomeza daftari la majina humo ndani. Padre alipokuja kututembelea aliiona imevimba.

"Mzee, hilo daftari unamtunzia nani?"

"Nisije nikasahau, Baba."

"Waliolipwa wamesahau. Na Mungu umemsoma mwenyewe hapo Wakolosai. Nani amebaki?"

Akasema nichane kurasa za wale 11, nibaki na ukurasa wa wale sita tu, kwa kuwa hao bado ni deni la shilingi na si la roho. Nilibisha, nikaona kama najipunguzia. Siku tatu baadaye nikazichana, mama watoto akawashia jiko. Wanne kati ya sita wamefariki, wawili wamehamia upande wa Tunduru. Mtoto wa mmoja wa marehemu yuko Nanyumbu; nilimpelekea mwezi uliopita. Alihesabu, akatia mfukoni, hakusema neno, akanikaribisha uji. Niliunywa. Mwaka juzi nisingeweza kuumeza, ningekaa namkodolea macho nikisubiri aniambie yameisha.

Fundi viatu wa stendi alitia zipu mpya kwa 4,000, na karatasi moja iliyokunjwa haiizuii kufunga. Nyota nne, ya tano nimeibakiza kwa ajili ya karatasi na hiyo itifaki. Mkiikuta isiyo na zipu, chukueni hiyo.