Uzoefu wangu na programu ya tiketi za basi: sifuri isiyotofautiana na O
Ninaandika nikiwa bado na hasira. Hivi karibuni nilimkatia mama tiketi ya kwenda Kondoa kupitia programu ya kampuni moja ya mabasi, na malipo yalipita upesi, jambo ninalolikubali. Msimbo wa tiketi, hata hivyo, ulikuja kwa fonti nyembamba ya kijivu juu ya weupe, ambayo sifuri yake haitofautiani na herufi O, huku 1, I kubwa na l ndogo vyote vikiwa kijiti kimoja.

Stendi ya Nanenane, jua likiwa limeshapanda na skrini inameremeta, karani aliuingiza msimbo ule, mfumo ukaukataa. Akarudia, ukakataa tena. Ndipo akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Wewe mama, tiketi za kughushi hatupokei hapa." Mama yangu, mtu mzima aliyewahi kusomesha watoto wa watu, aliinamisha kichwa asijibu neno. Abiria aliyekuwa nyuma yetu ndiye aliyesema, "Dada, hebu weka sifuri hapo badala ya O." Msimbo ukakubali, lakini kiti cha mbele tulichokilipia kilikuwa kimeshapewa mwingine, na radhi hatukuombwa.

Mimi hupanga kurasa katika duka la uchapaji, kwa hiyo najua kwamba tatizo hili lina dawa ya siku nyingi. Msanifu wa herufi Matthew Carter aliisanifu fonti ya Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, kwa ajili ya skrini, akaipa I kubwa vikia juu na chini ili isichanganywe na l. Atkinson Hyperlegible ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu, inaikata sifuri kwa mstari, nayo hutolewa bure. Na kama fonti hawataki kuibadilisha, waziondoe O na I katika misimbo yao, wakoleze rangi, na wazigawe tarakimu katika mafungu ya nne nne.

Nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa kuwa nauli ni ya haki na fedha yangu haijawahi kupotea, na pengine karani yule naye aliponzwa na skrini ileile. Lakini skrini haikumwamuru amwite mama yangu mghushi. Natoa nyota moja, na hiyo ni ya yule abiria.