Zotero na rejea za mkono wa pili: uzoefu wangu

Tasnifu yangu inahusu karafuu za Pemba baada ya tufani ya 1872, ile iliyong'oa mikarafuu ya Unguja. Kwenye mada kama hii huwezi kuzikwepa rejea za mkono wa pili. Barua ya zamani unaikuta imenukuliwa ndani ya kitabu cha juzi, na barua yenyewe hujaitia machoni. Nilikuwa nazo kumi na moja, na maalim wangu anayenisimamia alizizungushia wino mwekundu zote. Kosa lilikuwa langu: niliziingiza kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, kana kwamba nimezisoma, na orodha ya marejeo ikajaa maandishi ambayo sijapata kuyashika.

Programu yenyewe ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi hata intaneti ikiwa haipo, na kwangu hilo ni kubwa. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni megabaiti 300, na PDF za kurasa zilizopigwa skani huzimaliza upesi. Mimi PDF naziacha kwenye laptopu, nasawazisha taarifa za vitabu tu.

Sasa, kitufe cha rejea ya mkono wa pili usikitafute, hakipo. Kanuni ya APA, mtindo wa kuandika marejeo, toleo la saba, inataka uorodheshe ulichokisoma mwenyewe. Yule wa asili anatajwa ndani ya matini na kuishia hapo hapo. Kwa hiyo ndani ya Zotero naweka kitabu nilichonacho mkononi tu. Nikifika kwenye Word nakichagua, nabonyeza jina lake kwenye upau wa kutafutia, kinafunguka kidirisha chenye sehemu ya Prefix, yaani maneno ya kutangulia rejea. Hapo naandika, kwa majina ya mfano: Salim, 1975, kama alivyonukuliwa katika. Inatoka (Salim, 1975, kama alivyonukuliwa katika Hamadi, 2012), na kwenye orodha anaingia Hamadi peke yake. Nikitaka kuanza sentensi na Salim, jina lake naliandika mwenyewe, na kwenye Prefix naanzia na 1975.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili, kukosekana kwa kitufe kumetufaa. Sehemu ile iko wazi, maneno ni yako. Ukitaka "akinukuliwa na" unaweka, wala programu haikulazimishi Kiingereza katikati ya sentensi yako.

Nawaomba sana, msiandike kwa mkono juu ya rejea ndani ya Word. Mimi nilifanya hivyo sura ya pili nzima. Ukija kusasisha, Zotero inaona umeigusa na kukuuliza kama mabadiliko yako yabaki. Ukikubali, rejea ile haitajisasisha tena. Ukikataa, ulichoandika kinafutika. Nilikataa, moja baada ya moja, usiku, nimechoka, nikidhani nazisafisha. Kazi ya siku tatu ikaondoka.

Lakini hakuna programu itakayokuambia kwamba chanzo cha asili kipo karibu na kwenu. Moja kati ya zile kumi na moja ilikuwa jalada la kikoloni, na nililipata Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Sentensi iliyofuata baada ya ile iliyonukuliwa ilitaja malipo ya wachumaji, na mwandishi wa kitabu aliiacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa na uzito kuliko zote. Nimeliingiza jalada kwenye Zotero, nikarudi kwenye rejea ile, nikafuta maneno ya Prefix na kubadilisha chanzo. Orodha ikajipanga yenyewe.

Zimebaki kumi. Jumatatu narudi Kilimani.